Fomu ya TPAD ya kutazama somo: yafaa kwa faili, haimtoshi mwalimu

Walimu wakuu wa Lamu na Malindi wanaijua fomu hii ya Tume ya Huduma za Walimu tangu TPAD, mfumo wa kupima utendaji wa walimu Kenya, ilipoanza 2016. Toleo la 2020 lilipunguza viwango vya kumpimia mwalimu kutoka saba hadi vitano, nafuu kubwa. Utaratibu wake una jambo jema: mwalimu hujipima kwanza, kisha hukaa na mpimaji wake wakubaliane.

Kasoro ni kwamba alama haimwambii mtu kesho afanye nini. Penye maoni huandikwa "Somo zuri, shirikisha wanafunzi zaidi", na mwalimu wa Faza au Kizingitini hurudi darasani hana la kushika.

Kwa hiyo ingia na karatasi tupu pia. Igawe safu tatu: saa, maneno ya mwalimu, walichofanya watoto. Andika unachokiona na kukisikia, usihukumu. Katika somo la hesabu la Gredi ya 6, dakika 35, utapata kitu kama hiki: saa nne na dakika kumi na mbili, mwalimu auliza "Mmeelewa?", darasa zima laitikia "Ndiyo!" Pita nyuma uchungulie daftari: 1/2 + 1/3 = 2/5. Hapo hamgombanii alama tena; kosa la mtoto liko mezani, na mazungumzo yaanze kwa swali: "Mwalimu, unadhani hawa walifikiri nini?"

Zungumzeni siku hiyohiyo, faraghani, si katikati ya chumba cha walimu. Robo saa yatosha. Chagueni jambo moja. Hapa lingekuwa hili: badala ya "Mmeelewa?", kila mtoto aandike jibu la hesabu moja, na mwalimu apite hadi safu ya nyuma kabla ya kuendelea. Wakuu wengi huharibu kazi papa hapa, wakamrundikia mwalimu mambo sita, asishike hata moja.

Kisha rudi ndani ya wiki mbili, dakika 10 tu, kutazama jambo lilelile. Ziara hii ndiyo huachwa sana, hasa pale mwalimu mkuu ana vipindi vyake. Basi mkabidhi naibu, au mwalimu mwenzake wa somo hilo.

Fomu ya Tume ijazwe baada ya ziara ya pili, kutoka kwenye karatasi zenu. Visiwani, ambako mtandao husumbua, ijazeni kwa kalamu kwanza, mkaipandishe siku mtandao ukitulia.