Tailizi za saruji na mbao bafuni: pima unene kabla hujalipa

Wapendwa, mlango wa bafu langu umeoza chini na nyumba haina hata miaka miwili. Nikajua mbao mbovu, kumbe kosa lilianzia kwenye tailizi, na tangu nianze kulisema hili wadada watatu wameniambia ya kwao yako vilevile. Kwa hiyo leo rangi na michoro siongelei, kila mtu ana macho yake, naongelea unene.

Marumaru ya kawaida, ile ya udongo wa kuchomwa, ina milimita 8 mpaka 10 hivi. Tailizi ya saruji haichomwi kwenye tanuru, inagandamizwa kwa mashine, kwa hiyo lazima iwe nene, nyingi ni milimita 16 mpaka 20, ongeza na saruji ya kulazia chini. Sakafu ya bafu langu ikapanda mpaka ikalingana na korido, maji ya kuoga yakawa yanatoka yanakaa kwenye fremu. Fundi alivyoona mlango unakwaruza akaung'oa, akaupiga randa chini akaurudisha hivyohivyo bila kupaka chochote, na mbao pale ilipokatwa kichwani ndo panaponyonya maji kuliko popote! Wewe mwambie fundi unene wa tailizi kabla hajamwaga sakafu. Bafu likiisha liwe chini ya korido kama sentimita 2, mteremko kuelekea kwenye tundu la maji sentimita 2 kwa kila mita, na mlango ukikatwa upakwe vanishi chini kabla haujarudi.

Sasa tailizi. Namba moja kwangu ni Bharat Floorings wa Mumbai, sifichi nawapenda, wanafanya kazi hii tangu 1922. Kusafirisha ni gharama na kusubiri meli kunachosha ila kwangu bado ndo wa kwanza. Namba mbili ni za karakana za hapa nchini, zipo nzuri ila omba wavunje moja mbele yako, rangi inatakiwa iwe imeingia ndani milimita 3 au 4, ikiwa kama imepakwa tu juu ondoka, halafu pima kumi kwa rula maana nyingine zinapishana unene ukienda kulaza sakafu inakuwa na ngazi ngazi. Marumaru yenye mchoro wa kuiga tailizi za saruji ni ya bei rahisi, haisumbui, basi.

Zote za saruji zina vitundu vidogo vinavyonyonya maji, piga sila (dawa ya kuziba vitundu) ile inayozama ndani kabla ya grauti, yaani ule ujiji wa kujaza mistari kati ya tailizi, sio baada, grauti nyeusi ikishaingia haitoki. Na dawa za choo zenye asidi, ndimu, siki, zote marufuku, zinakula saruji. Sisi wa maji ya kisima ya chumvi huku Dar alama nyeupe zinatokea haraka, futa sakafu ikauke kila ukimaliza kuoga.

Mbao: mtiki wa mashamba ya miti ya Longuza (Tanga) au Mtibwa (Morogoro) kwanza, una mafuta yake ya asili maji hayauingii kirahisi. Mninga wa pili, umetulia haupindi hovyo. MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, bafuni hapana, ikipata maji inavimba.

Ila wauzaji jamani! Nimeuliza bei ya mita moja naambiwa "njoo inbox", nimeenda inbox naulizwa nakaa wapi, nikisema Mbezi Beach bei inapanda. Wengine bado wanataja dola wakati kanuni za 2025 zimekataza kutangaza bei kwa pesa za kigeni humu ndani. Na yule aliyeniuzia fremu ya "mtiki" ilikuwa paini imepakwa rangi, nimeijua ilivyooza maana ndani ilikuwa nyeupe kabisa. Siku hizi nabeba msasa kwenye pochi, nakwangua kidogo pembeni hapohapo dukani, muuzaji akikataa nisikwangue sinunui.