Darubini ya mtumba: kabla hujatoa hela, tazama paa la bati

Mwaka juzi kule Ndutu, mgeni mmoja mzee alinirudishia darubini yangu akaniuliza kwa upole kama juu ya ule mgunga kuna chui wawili. Chui alikuwa mmoja. Nikajisemea moyoni, uzee huo. Lakini mimi mwenyewe ilikuwa siku ya tatu kichwa kinagonga nyuma ya macho, na tulipofika Karatu nikaenda kupima malaria. Hamna kitu. Ugonjwa nilikuwa nimeuvaa shingoni: darubini ya mtumba ya laki tatu na nusu, niliyonunua Arusha kwa kijana aliyeniapia, "Dada, hii Mjerumani kaitumia safari mbili tu."

Tangu hapo kila msimu ukikaribia, madereva na waongozaji wenzangu wananiuliza wanunue ipi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Ukubwa sitaujadili sana. Chukua 8x42, yaani inayokuza mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42, basi. Inayokuza mara 10 inatetemeka mno ndani ya gari lenye wageni sita wasiotulia. Gawa 42 kwa 8 unapata zaidi kidogo ya milimita 5 za mwanga unaoingia jichoni, na hiyo inatosha alfajiri, simba anaporudi kutoka kuwinda. Rangi, begi, kamba, hayo si ya kuulizana.

Ninachotaka ukikague ni kitu ambacho sijawahi kuona mnunuzi akikikagua: je, mabomba yote mawili yanatazama mahali pamoja?

Ndani ya kila bomba kuna prizimu, vile vioo vinavyogeuza picha ili twiga asionekane miguu juu. Darubini ikidondoka mara moja tu kutoka kwenye dashibodi, prizimu moja ikasogea kiasi cha unywele, kila bomba linashika njia yake. Nje hutaona hata mkwaruzo, na lenzi zitang'aa kama kawaida. Ubaya ni kwamba ukiijaribu dukani kwa dakika mbili utaona safi kabisa, kwa sababu ubongo unazilazimisha picha mbili ziwe moja. Kupishana kwa pembeni macho yanakuvumilia kidogo, maana yamezoea kukutana kwa ndani tunaposoma. Ila picha moja ikikaa juu na nyingine chini, hapo misuli inafanya kazi ambayo haijawahi kufundishwa. Saa mbili baadaye kichwa, saa nne baadaye kichefuchefu, na wewe unalaumu supu ya asubuhi.

Jaribio ni la bure. Toka nje ya duka. Tafuta mstari uliolala, uwe mbali, mita 100 au zaidi. Ukingo wa paa la bati unafaa sana. Usielekee jua. Rekebisha picha mpaka uone misumari ya bati, kisha, darubini ikiwa imenyooka, isogeze taratibu kutoka usoni karibu shibiri moja huku ukiendelea kutazama ndani. Utaona duara mbili ndogo. Ukingo wa paa upite usawa mmoja kwenye zote mbili. Kama kulia umepita katikati na kushoto umeshuka chini, mrudishie mwenyewe.

Halafu irudishe machoni, fumba, hesabu hadi kumi, fumbua ghafla. Ukiona paa mbili kwa sekunde moja ndipo zikaungana, aliyeziunganisha ni ubongo wako. Hapo muuzaji atakwambia, "Zungusha hapo jicho la kulia, ni diopta tu hiyo." Diopta inasawazisha ukali wa picha kati ya jicho na jicho. Haiwezi kuyarudisha pamoja mabomba yaliyoachana. Baada ya hapo itumie robo saa nzima. Muuzaji akinuna, anune.

Kuvu nayo ipo, hasa darubini zilizokaa Zanzibar au Tanga kabatini. Mulika tochi ya simu kwa upande wa mbele, chungulia. Ukiona nyuzi kama za buibui, achana nayo.

Sasa mpangilio wangu. Ya kwanza ni Nikon Monarch 8x42, na sijifichi, mimi ni mtu wa Nikon. Hata toleo la zamani, Monarch 5, limezibwa vizuri na kujazwa naitrojeni, kwa hiyo vumbi la Ndutu na ukungu wa asubuhi wa Ngorongoro haviingii ndani. Ninayo ya namna hiyo sasa, ya mtumba pia. Imeshapigwa na mlango wa Land Cruiser, nikaipeleka kwenye bati, duara zikakaa sawa.

Ya pili ni Vortex Diamondback 8x42. Picha yake naiweka chini kidogo ya Nikon, lakini kwa mtumba ina jambo moja zuri: dhamana ya kampuni inaifuata darubini yenyewe, hata kama wewe si mnunuzi wa kwanza na risiti huna. Kampuni iko Marekani, kwa hiyo nauli ya kuituma ipigie hesabu mapema.

Ya tatu ni ya mapenzi tu: Carl Zeiss Jena 8x30, zile za Ujerumani Mashariki, zilizoandikwa Jenoptem au Deltrintem. Ikiwa nzima, inakupa picha inayoiaibisha darubini mpya ya bei ya kati. Lakini haikuzibwa dhidi ya maji, anayevaa miwani atahangaika nayo, na umbo lile la mabega linahama haraka likidondoka. Afadhali hiyo fundi mzuri anaweza kuirudisha sawa.

Swarovski au Leica kwa bei ya kutupa? Jiulize ilitoka gari gani. Zina namba za utambulisho. Iandike, omba risiti, omba jina, na mkutane mchana mahali penye watu. Mwongozaji akikutwa na darubini ya mgeni aliyeibiwa, hakuna atakayesikiliza habari za mtumba.

Za bei chee zenye lenzi nyekundu na zile zilizoandikwa 180x100: hapana.

Nikiwa hapa hapa, wauzaji, kwa nini hamuandiki bei? Picha sita, moja mmeivalisha hadi kofia ya safari, halafu "njoo inbox". Nikija inbox naulizwa kwanza nafanya kazi gani. Nikisema mwongozaji, bei inapanda laki, eti sisi tunapewa tipu za dola. Nikiomba kuiona, naambiwa nitume nusu kwanza, na ya kutolea. Nchi hii tumeshatumiwa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" mpaka bibi yangu kijijini anazifuta mwenyewe, halafu nikutumie laki mbili kwa ajili ya picha?

Ile yangu ya chui wawili niliirudisha kwa yule kijana. Nilimwonyesha kwenye paa la jirani yake, akaona, akakuna kichwa. Akanipa laki moja. Wiki mbili hazijapita nikaiona tena, laki nne, Mjerumani yule yule, safari mbili zile zile. Kwa hiyo ukikutana nayo: ina mkwaruzo mdogo chini ya jicho la kushoto, na kamba ni ya kijani, niliibadilisha mimi.