Kiti cha Dirishani Kati ya Dar es Salaam na Mbeya: Kushoto Kwenda, Kulia Kurudi

Msafiri wa mchana anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa ndege, akipata nafasi ya kuchagua kiti, aombe dirisha la kushoto, yaani kiti chenye herufi A, na siku ya kurudi aombe dirisha la kulia. Wengi hushikilia herufi moja safari zote mbili, ilhali ndege ikigeuza uelekeo, milima nayo huhamia upande wa pili. Njia ya kwenda Mbeya huelekea magharibi ikiinamia kusini, na sehemu kubwa ya mambo mazuri ya kutazama imo upande huo wa kusini.

Mwanzoni wa kulia ndiye anayefaidi, kwa kuwa Milima ya Uluguru iko upande wake. Hali hubadilika karibu na Kidatu. Hapo, anga ikiwa safi, wa kushoto huona mashamba ya miwa yaliyogawanywa vipande vipande vya mstatili, Mto Ruaha Mkuu ukichomoza milimani, na Bonde la Kilombero likifunguka kuelekea kusini-magharibi, huku Milima ya Udzungwa ikisimama kama ukuta ukingoni mwake. Sakafu ya bonde hilo iko chini ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Luhombero katika milima hiyo kinapita mita 2,500. Tofauti hiyo ya kimo, ambayo abiria wa basi kwenye barabara kuu ya Iringa hapati kuiona, ndiyo inayonifanya niupe upande wa kushoto alama za juu. Bondeni humo ndimo inamopita reli ya TAZARA kabla ya kuanza kupanda kutoka Mlimba kwenda Makambako.

Baada ya Udzungwa hufuata Mufindi, penye misitu ya misonobari ya Sao Hill na mashamba ya chai ambayo kwa juu huonekana kama zulia lililonyolewa sawasawa. Kisha huja safu ya Kipengere na uwanda wa Kitulo, na mwisho Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, ambao mara nyingi hujifunika wingu kileleni hata siku ya jua. Wa kulia wakati huo hutazama bonde la Usangu, ambalo ni pana na lina uzuri wake, lakini ni tambarare. Haki yake huipata wakati wa kutua: rubani akiingia Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, kutokea mashariki, safu ya Mbeya yenye kilele cha mita 2,818 huwa upande wa kulia, tena karibu sana. Akizunguka na kutua kutokea magharibi, safu hiyo huwa ya wa kushoto.

Aina ya ndege nayo ina uzito wake. Ndege za pangaboi zina mabawa juu ya madirisha, hivyo ardhi huonekana vizuri, ila injini huziba safu za katikati. Mimi hupendelea viti vya nyuma. Airbus A220 ina bawa chini ya dirisha, kwa hiyo ni vyema kukaa mbele au nyuma yake kabisa. Ndege hiyo ina viti viwili kushoto na vitatu kulia, jambo linalozidi kuupa upande wa kushoto thamani kwa watu wawili wanaosafiri pamoja. Shirika moja liliwahi kunipa kiti kilichoitwa cha dirishani ambacho pembeni yake palikuwa na ukuta mtupu. Tangu hapo huuliza kabisa kwenye kaunta kama safu ninayopewa ina dirisha.

Miezi ninayoipendekeza ni Juni hadi Agosti. Mvua zimekwisha, na jua huwa upande wa kaskazini, hivyo anayetazama kusini hapigwi na mwanga machoni na milima humulikwa upande anaouona. Septemba na Oktoba moshi wa mashamba yanayochomwa hufifisha mandhari. Masika ndege ya asubuhi ni bora kuliko ya alasiri, kabla mawingu hayajajikusanya. Ikiwa ndege inapitia mji mwingine kabla ya Songwe, ushauri wa upande uanzie hapo upya, kwa kuwa njia haitakuwa hii niliyoieleza.