Haller Park na watoto, twiga kanilipa nauli yangu

Mimi mtu wa Tanga, kazi ya mume ndo imetuleta Mombasa, na wikendi watoto hawakaliki ndani, basi Jumamosi nikawapakia kwenye matatu ya Mtwapa tukashukia Bamburi, kwenye hii Haller Park, bustani ya wanyama. Jamani wee! Kulisha twiga ndo kila kitu, ule ulimi mrefu mweusi unakuja kuzoa chakula kiganjani, kadogo kangu kakapiga ukelele halafu kakataka tena na tena mpaka chakula kikaisha. Mi kilichonishangaza ni kwamba pale palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea simiti, jangwa tupu, 1971 wakaanza kupanda mivinje na majongoo ndo wakasaidia kugeuza majani makavu kuwa udongo (majongoo! hawa hawa nnaowafagia barazani). Kuna kobe wakubwa pia ila wangu hawakuwa na habari nao. Vaeni viatu vya maana, mi nlienda na ndara nikajuta. Chakula tulikula kibanda kimoja njiani, chipsi baridi, na waliposikia lafudhi yangu bei ikapanda, siku nyingine nabeba mahamri yangu.