Ramani ya zamani ya Kisiwa cha Admiralty, Alaska: uzoefu wangu

Nilinunua mtandaoni karatasi moja ya ramani ya topografia (inayoonyesha miinuko ya ardhi) ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani, toleo la miaka ya 1950, yenye eneo la kijiji cha Angoon na ghuba ya Mitchell Bay. Muuzaji aliahidi kuituma ikiwa imeviringwa, ikaja imekunjwa. Hilo limenikera, lakini ramani yenyewe ni tamu.

Skeli ni 1:63,360, yaani inchi moja kwa maili moja. Kontua za kahawia, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, ni nyembamba kama nywele, msitu ni kijani, na maji ya Mitchell Bay yanajipenyeza kati ya visiwa vidogo hadi jicho linachoka kuyafuata. Ila kontua zimeachana kwa futi 100 za kimo, kwa hiyo kilima cha futi 80 kinaweza kujificha kabisa kati ya mistari miwili. Karatasi inakuonyesha tambarare, miguu yako itakwambia mengine.

Usitegemee kuona mpaka wa Kootznoowoo, hifadhi ya kisiwani humo, kwani ilitangazwa mwaka 1980. Hilo halina madhara. La kuangalia ni mchoro wa dira pembezoni: wakati huo kaskazini ya sumaku ilikuwa inakaribia digrii 30 mashariki ya kaskazini halisi, na leo haifiki 20. Ukifuata namba ya zamani ukakosea digrii 10 tu, kila kilomita moja unakwenda kando kwa mita 175 hivi, na hapa ni msitu mzito wenye dubu wa kahawia wengi kuliko watu. Pia ukitumia GPS iweke kwenye NAD27, mfumo wa zamani wa kupimia mahali uliotumiwa na ramani hii, la sivyo ukiwa ufukweni ramani itakuonyesha umesimama baharini. Ufukwe wenyewe nao si wa kuamini sana, maana ardhi ya kusini-mashariki mwa Alaska inazidi kuinuka tangu barafu iliyoilemea ipungue.

Kama unataka yaliyomo tu, usitoe hela: USGS inatoa nakala za ramani hizi bure kwenye tovuti yake ya topoView. Mimi nilitaka karatasi, rangi na harufu yake, na bei sijaijutia. Kinachonisumbua ni kwamba njia ya mitumbwi ya kuvuka kisiwa hadi Mole Harbor upande wa mashariki, iliyotengenezwa miaka ya 1930 na vijana wa CCC, mpango wa ajira wa serikali ya Marekani, inatoka nje ya karatasi kabla haijafika mbali. Sasa naitafuta karatasi ya eneo jirani, na safari hii sinunui iliyokunjwa.