Kozi ya kuzamia likizoni: nunua nini, maliza nini kabla hujafika Nungwi

Karibuni tena. Hapa mezani leo nina miwani ya kuzamia, kompyuta ya kuzamia, hii inayovaliwa mkononi kama saa na kukuonyesha kina na muda wako chini ya maji, na fomu ya afya niliyoichapisha. Lakini bidhaa kubwa ninayoichambua ni kozi yenyewe ya Open Water, ile ya mwanzo kabisa ya kuzamia na mtungi wa hewa, na hasa namna ya kujiandaa nayo ukiwa na likizo fupi. Naongea na wewe uliye Dar, Nairobi au Mwanza, au unayerudi nyumbani kutoka Muscat au London, umeshakata tiketi ya Zanzibar na umeambiwa siku tatu au nne zinatosha kupata cheti.

Kwa aliyejiandaa zinatosha kweli. Na hukumu yangu naitoa sasa hivi ili usisubiri mwisho wa video: kozi hii inastahili hela yake, lakini nusu yake imalize nyumbani. Anayefika ufukweni hajasoma, hajaogelea miezi na hajagusa fomu ya afya, analipia hoteli ya Nungwi, kule kaskazini mwa Unguja, ili akae ndani na vitabu huku boti za wenzake zinaondoka kwenda kuzamia kisiwa cha Mnemba.

Kozi ina sehemu tatu. Kuna nadharia, kuna vipindi vitano vya mazoezi kwenye bwawa au maji tulivu ya kina kifupi, halafu kuna mbizi nne za baharini. Ukifaulu unaruhusiwa kuzamia na mwenzako mpaka mita 18. PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia lililoanzishwa Marekani mwaka 1966, ndilo utakaloliona kwenye mabango mengi ya pwani yetu. SSI, shirika jingine la namna hiyo, nao wana kozi ya aina hiyohiyo, na cheti chao nacho ni cha mita 18. Usipoteze usiku kulinganisha nembo, mwalimu ndiye atakayekushika mkono kule chini. Mtoto wa miaka 10 anaweza kujiunga, ila mpaka atimize 15 anapewa cheti cha vijana chenye masharti yake.

Nadharia inasomwa mtandaoni, kwenye simu tu. Mimi niliisoma kwa Kiingereza, jioni baada ya kazi, na nimeipenda jinsi inavyokupa maswali kidogo kidogo kila sura inapoisha. Sifa kubwa kabisa ni somo la shinikizo. Hebu niangalieni hapa, hii ni chupa ya maji ya nusu lita, tupu, nimeifunga. Nikiteremka nayo mita 10, shinikizo linakuwa mara mbili ya la juu, na hewa iliyomo inabanwa ibaki nusu, chupa inajikunja. Sasa geuza. Niko mita 10, naijaza hewa ya mtungi, naifunga, halafu napanda nayo. Hewa ileile ikifika juu inataka nafasi ya lita nzima, na chupa ni ya nusu lita. Mapafu yako ndiyo hayo. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kozi nzima ni usizuie pumzi, pumua muda wote, na panda polepole. Ukiwa umeielewa hii ukiwa kwenye kochi lako, mwalimu akikuambia utoe mdomoni regileta, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, utajua mwenyewe kwa nini unatakiwa uendelee kutoa mapovu madogo madogo.

Kuna na njia ambayo wengi hawaijui: ukiwa mji wenye kituo cha kuzamia, unaweza kumaliza nadharia na bwawa hukohuko, ukapewa barua, ukaenda kufanya mbizi nne za baharini sehemu nyingine ndani ya miezi 12. Kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Ghuba hii naipa alama za juu kabisa. Likizo yako inabaki ya bahari tu.

Kuogelea. Utatakiwa kuogelea mita 200 bila kusimama, mtindo wowote, hakuna anayekupima muda. Au mita 300 ukiwa na miwani, mapezi ya miguuni na mrija wa kupumulia. Halafu uelee dakika 10. Bwawa la mita 25 ni kwenda na kurudi mara nne, basi. Watu wetu wengi wa pwani bahari wanaijua tangu utotoni, wanaruka kutoka gatini bila wasiwasi, lakini kuelea dakika 10 palepale bila kushika kitu ni zoezi jingine. Nenda bwawani wiki kadhaa kabla, jifunze kulala juu ya maji ukiwa umelegea. Na nyumbani chukua beseni, jaza maji, weka mrija mdomoni bila miwani, zamisha uso, pumua. Pua itataka kuvuta maji mwanzoni. Ukilizoea beseni, lile zoezi la kuvua miwani chini ya maji, linalowatoa watu machozi, litakuwa jambo la kawaida kwako.

Sasa fomu hii. Ni maswali ya afya, unajibu ndiyo au hapana. Pumu, moyo, shinikizo la damu, upasuaji, dawa unazotumia. Baadhi ya majibu ya ndiyo yanahitaji sahihi ya daktari kabla hujaingia majini, na hapo ndipo likizo za watu zinapokwama: wanaiona kwa mara ya kwanza kwenye meza ya kituo saa mbili asubuhi, halafu siku inaisha wanamtafuta daktari. Ipakue leo. Usidanganye hata swali moja. Mama mjamzito hazamii, hilo halina mjadala. Na nyinyi mnaotoka nje mkiwa mnameza kinga ya malaria, mwambieni daktari kwamba mnakwenda kuzamia. Mefloquine, ile ya mara moja kwa wiki, inaweza kuleta kizunguzungu na kichefuchefu vinavyofanana na dalili za ugonjwa wa mgandamizo, ule unaoweza kumpata mzamiaji akipanda haraka mno, na zipo kinga nyingine.

Tuje kwenye kitu cha kununua, na kwangu mimi ni kimoja tu: miwani. Hii ni Cressi F1, kampuni ya Italia, kioo kimoja kilichogandishwa moja kwa moja kwenye silikoni, haina fremu. Inakunjika na kukaa bapa kwenye begi. Nimeipenda kwa sababu kioo kiko karibu na macho, unaona chini na pembeni bila kugeuza shingo kila mara. Kasoro yake ni kwamba kioo kikiwa kimoja huwezi kuweka lenzi za macho upande upande, hivyo kama unavaa miwani ya macho, inayokufaa ni ile ya vioo viwili.

Lakini usinunue kwa sababu nimeisifia. Angalia kipimo chake: naiweka usoni bila mkanda, navuta hewa puani kidogo, naachia mikono. Imeganda. Ikianguka, au ukihisi hewa inapita pembeni ya shavu, iache dukani hata kama ni ya bei mbaya. Uso wa kila mtu una ramani yake. Akina kaka, sharubu nene zinapitisha maji hapa chini ya pua, paka mafuta ya mgando kidogo au zipunguze. Akina dada mnaojisitiri, nimewahi kuona kazi nzuri sana ikifanywa na hijabu ya kuogelea inayobana, sharti moja tu: ukingo wa silikoni ukae kwenye ngozi, kitambaa kipite juu yake. Hata uzi mmoja wa kitambaa ukiwa chini ya silikoni, maji yanaingia mbizi nzima. Wenye misuko, nunueni mkanda wa kitambaa kizito, ule wa mpira unavuta nywele.

Miwani mpya ina utando kwenye kioo unaoleta ukungu. Chukua dawa ya meno nyeupe, ile ya kawaida, sugua kioo kwa ndani kwa kidole, acha ikauke, suuza, rudia. Ukifika kwenye boti, mate yanatosha. Na ile miwani inayofunika uso mzima, inayouzwa sana mitandaoni, haifai kwa kozi hii hata kidogo. Huwezi kubana pua, na bila kubana pua hutazibua masikio.

Kompyuta hii, Leonardo, ni ya kampuni hiyohiyo, ina kitufe kimoja, namba zake kubwa, mtu wa mwanzo anaielewa haraka. Ni kifaa kizuri. Usiinunue bado. Kituo kitakupa, sawa na mtungi, regileta, jaketi la kuelea, mapezi na suti. Maji yetu yako kati ya nyuzi 25 na 29, suti ya milimita 3 inatosha wengi, ingawa miezi ya kusi, Julai na Agosti, mwembamba atatetemeka mbizi ya pili.

Masikio ndiyo yanayowarudisha watu juu. Ili kuyazibua, bana pua, puliza taratibu, anza kabla hujasikia maumivu, na rudia kila unaposhuka mita moja hivi. Sikio likigoma, panda kidogo, jaribu tena. Fanya zoezi hili nyumbani kila siku mara kadhaa. Ukiwa na mafua usizamie, na usimeze dawa ya kufungua pua ili upite, maana ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inanasa wakati wa kupanda.

Kuhusu tarehe, waulize wavuvi kabla ya kuuliza hoteli. Maleleji, bahari inapotulia kati ya kusi na kaskazi, ni wakati mzuri sana kwa mwanafunzi. Masika epuka. Na ukiweza, panga mbizi zako ziangukie maji mafu, siku ambazo bahari inapanda na kushuka kidogo tu. Bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari ya Zanzibar inapanda na kushuka kama mita nne, mikondo inakaza, na mgeni anachoka bure.

Kabla hujalipa, uliza bei ina nini ndani: nadharia, kadi ya cheti, boti, ada ya hifadhi. Uliza wanafunzi wangapi kwa mwalimu. PADI inaruhusu mpaka wanane baharini, mimi sikubali zaidi ya wanne. Uliza kama boti ina oksijeni ya dharura. Na omba mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili. Wapo, vijana hodari wa Nungwi na Matemwe, na utatulia zaidi ukielezwa kwa lugha unayoiota. Ishara utaziona huko, ila moja ibebe kabisa: dole gumba juu maana yake tunapanda. Ukitaka kusema niko sawa, unganisha kidole cha shahada na gumba, hivi.

Halafu ndege. Baada ya mbizi za siku kadhaa, kaa angalau saa 18 bila kuruka, ili kuepuka ule ugonjwa wa mgandamizo, na kale kandege kadogo ka dakika 20 kwenda Dar nako kamo. Feri haina shida. Kupanda milima kunahesabika pia, kwa hiyo kama safari yako ina Ngorongoro, ukingo wake uko juu ya mita 2,200, anza na mbuga, bahari ije baadaye, na siku ya mwisho usiingie majini.

Ukishapata kadi, nenda Mnemba kule kwenye miamba ya kina kifupi ukatazame kasa na mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Kisiwa cha Chumbe ni kwa mrija tu, mtungi hauruhusiwi pale. Leven Bank, mwamba wa chini ya bahari kaskazini mwa Unguja, mtatajiwa sana na watu wa boti: mkondo wake ni mkali, ni ya wazoefu, ngoja mpaka uwe na cheti cha juu zaidi. Walioko Watamu, Diani na Kilindoni, niandikieni hapo chini vituo vyenu vinatoza nini na vinafundisha kwa lugha gani, nataka video ijayo nije huko.