Nanyuki au Naivasha? Mpanda miamba wa Malindi anataka kuhama

Mie nimezaliwa Malindi, mwamba nlioukulia ni matumbawe tu, na ukisema mwamba wa korongo la Marafa huko karibu, ule ni mchanga ulioshikana, ukiweka mguu unamomonyoka wote, si wa kupanda ule.

Sasa nachagua kati ya Nanyuki na Naivasha. Nanyuki iko karibu na Mlima Kenya wenyewe, vilele vyake Batian mita 5,199 na Nelion 5,188, na hivyo si vya kutembea kama kilele cha Lenana, ni kamba na mwamba kweli kweli, lakini shida ni kwamba huendi tu ukitoka kazini jioni, kwanza utembee siku mbili tatu mwili uzoee hewa nyepesi, alafu usubiri msimu, maana upande wa kaskazini wa Batian ni Juni mpaka Oktoba, ule wa kusini mashariki wa Nelion ni Disemba mpaka Machi. Na baridi jamani! Mtu wa kikoi kama mie?

Naivasha una mbuga ya Hell's Gate hapo karibu, ule mnara wa mwamba, Fischer's Tower, ni kama mita 25 hivi, unapanda asubuhi na mchana ushakula samaki wa ziwani. Kuna na kuta ndefu za kutosha. Kila ukiingia unalipa geti lakini, hiyo inauma.

Kwa anayejifunza bado kama mie, Naivasha, wallahi. Nanyuki ntaenda likizo, nikishanunua sweta.